Lamu Haikuwa Tupu

Kila anayetaka kuichukua Lamu huanza kwa kuitangaza kuwa haina watu. Siku hizi hakuna anayethubutu kulisema jambo hilo kwa mdomo, maana kuna katiba na kuna kamera. Linasemwa kwa ramani. Unatandazwa mchoro mkubwa wa bandari, reli, bomba la mafuta, uwanja wa ndege na mji wa kitalii, na pale penye Magogoni, Kililana na Kwasasi pamepakwa rangi moja, kana kwamba hapajapata kulimwa mtama, kuchimbwa kisima wala kuzikwa mtu. Kisha mzee wa Mokowe anaitwa chini ya hema akae, asikilize, apige makofi.

Huo ni uongo, na umewalipa vizuri waliousema. Tumeuvumilia kwa zaidi ya miaka mia moja. Hauna budi kukomeshwa sasa, kabla hakijaanza kuchimbwa kina cha gati la nne la bandari mpya.

Tuanze na ushahidi wa mchanga wenyewe. Kisiwani Pate, pale Shanga, wachimbaji wa mambo ya kale walioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 walifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8. Manda kulikuwa na mji uliofanya biashara na Ghuba ya Uajemi katika karne ya 9. Takwa ina magofu yake. Siyu ilikuwa na mafundi wa ngozi na mbao na wanakili wa misahafu, Pate ilikuwa na wafalme na washairi. Mji wa Lamu wenyewe haukuwahi kuhamwa, na ndiyo maana UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ikiutambua kuwa mji wa Waswahili mkongwe kuliko yote ya Afrika Mashariki iliyohifadhika. Nyuma ya visiwa, upande wa bara, wapo Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer, walioujua msitu wa huko kwa nyuki wake na njia zake kabla hajatokea mtu wa kuchora mpaka wa Kenya na Somalia. Wapo Wasanye. Wapo Waorma na ng'ombe wao, Wapokomo upande wa Witu, na Wabajuni kuanzia visiwani hadi Kiunga na kuvuka mpaka. Hiyo ndiyo nchi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe.

Ilikuwaje basi watu wote hao wakakosa hati?

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusajili hatimiliki katika ukanda wa pwani. Mwenye ardhi alitakiwa ajitokeze aidai na aithibitishe, na kila kipande ambacho hakikudaiwa kikahesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Itazame sheria hiyo kwa macho ya mkulima wa Kibajuni. Msimu wa mvua analima konde upande wa bara, akishavuna anarudi kisiwani, na baada ya misimu kadhaa anahamia konde jingine ili la kwanza lipumzike. Shamba ni la ukoo, kisima ni cha kijiji, malisho ni ya wote. Aende akadai kipi, kwa lugha gani, mbele ya afisa aliye wapi? Hakwenda. Kwa kutokwenda kwake akawa skwota juu ya makaburi ya babu zake, na uhuru ulipofika mwaka 1963 ardhi ile ilitoka mkono wa Taji ikaingia mkono wa serikali mpya bila kupita kwake hata kwa salamu.

Mwaka 1932 ikafuata mikoko. Misitu yote ya mikoko ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali, na sehemu kubwa ya misitu hiyo, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi hii, iko Lamu. Tangu hapo mtu ambaye baba yake na babu yake walikata boriti, pau na fito, wakapakia majahazi kwenda Arabuni, anahitaji kibali cha ofisi kuingia katika mti ulioota nyuma ya nyumba yake.

Vita vya Shifta vya miaka ya 1960, kati ya serikali na waasi wa kaskazini-mashariki, vikamalizia. Wabajuni wa vijiji vya bara kuelekea Kiunga walikimbia mashambulizi, wakayaacha makonde na minazi, wakajazana visiwani, wengine wakatupwa hadi Malindi na Mombasa. Vita vilikwisha, lakini wengi wao hawakurudishwa makwao na serikali yoyote. Waboni walikusanywa katika vijiji vya kando ya barabara ya kwenda Kiunga. Mwaka 1976 misitu yao ikawa hifadhi za Boni na Dodori. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Mwaka 1979 bahari ya Kiunga nayo ikawa hifadhi. Ndani ya miaka mitatu jamii iliyoishi kwa asali na nyama ya porini ikageuzwa kuwa jamii ya wavamizi katika msitu wake wenyewe. Walikosea kwa kuwepo tu.

Wakati huohuo, katika miaka ya 1970, serikali ilianzisha skimu ya makazi ya Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni, ikawaleta wakulima wasio na ardhi kutoka sehemu za juu za nchi, wengi wao Wakikuyu. Hapa nataka nieleweke sawasawa, kwa sababu wapo wanaotaka kuunoa uchungu huu uwe panga. Mkulima aliyepewa ekari zake Mpeketoni hakumwibia mtu. Alikuwa na njaa ya ardhi aliyoirithi kutokana na dhuluma nyingine, akapewa karatasi, akafyeka, akalima pamba na mahindi na mikorosho, akazaa. Watoto aliowazaa pale ni watu wa Lamu. Wale zaidi ya 60 waliouawa katika mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji vya jirani mwezi wa Juni 2014 walikuwa watu wa Lamu, na anayewataja kwa kejeli asinitafute nimuunge mkono katika dai la ardhi. Lawama naielekeza kwenye ile meza iliyompa mmoja hati na kumnyima jirani yake aliyemtangulia kwa karne kadhaa. Meza hiyo haijaadhibiwa mpaka leo.

Na haikuishia Mpeketoni. Mwezi wa Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba ekari 500,000 za Lamu ziligawiwa kampuni 22 kwa njia ya kutiliwa shaka, akaamuru hati hizo zifutwe. Ekari nusu milioni! Lamu nzima, bara na visiwa, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 6,300. Kwa hesabu hiyo karibu thuluthi ya kaunti iliandikwa majina ya kampuni katika kipindi ambacho habari za bandari zilikuwa zimekwisha kuenea, na familia za Faza na Kiunga zilikuwa bado zinaambiwa wapimaji hawajafika, faili halionekani, rudini mwezi ujao. Mwenye fedha hakuambiwa arudi mwezi ujao.

Sasa tuje baharini, maana huko ndiko tulikoumizwa zaidi katika kizazi hiki.

Tarehe 2 Machi 2012 marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walifika Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET, ule wa mchoro wa bandari, reli na bomba la mafuta. Mpango ulikuwa bandari ya gati 32 katika ghuba ya Manda, kiungo cha Sudan Kusini na Ethiopia na bahari. Tarehe 20 Mei 2021 Rais Kenyatta akafungua gati la kwanza kati ya matatu ya mwanzo, yaliyojengwa na kampuni ya Kichina kwa shilingi zipatazo bilioni 40. Hotuba za siku zote mbili zilikuwa za fahari. Siidharau fahari hiyo. Ninachouliza ni nani aliyeulizwa kuhusu ghuba ile kabla ya 2012, na jibu ninalijua.

Anayetaka kujua kilichochukuliwa lazima aujue mwaka wa mvuvi wa Lamu. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi wa Novemba au Disemba hadi Machi. Wakati huo bahari hulala, madau na mashua hutoka nje ya miamba, na anayepiga mbizi kutafuta kamba mawe huko Kizingitini huona chini kweupe. Kuanzia Aprili huingia kusi. Mawimbi husimama nje, na kwa miezi kadhaa mwenye chombo kidogo hawezi kutoka. Hapo huvua ndani: katika ghuba ya Manda, kwenye mikono ya bahari iliyozungukwa na mikoko, juu ya nyasi za chini ya maji, kando ya matumbawe yaliyokingwa na visiwa. Huko ndiko anakotega madema, na huko ndiko watoto hujifunzia kuvuta mshipi. Ghuba ile ndiyo ghala la mwezi wa njaa. Na wahandisi waliipenda kwa sababu ileile iliyomfanya mvuvi aipende, kwamba ina kina na imekingwa dhidi ya upepo. Kwa hiyo bandari haikuwekwa mahali palipobaki wazi. Iliwekwa palepale watu walipokuwa wamejishikiza.

Wakachimba kina zaidi. Tope likatimka, likaketi juu ya matumbawe na nyasi. Mikoko ikafyekwa na kufukiwa. Njia ya mashua ikawa njia ya meli, na eneo lote likawa la walinzi. Mvuvi akaambiwa aende mbele zaidi, bahari ni kubwa. Ndiyo, ni kubwa, kwa mwenye chombo kikubwa. Anayemwambia mtu wa dau aende kuvua bahari kuu wakati wa kusi anamwambia akafe.

Kuna jambo jingine ambalo kila nikilikumbuka damu huchemka. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma nchini kote ili kuokoa mazingira, na wakataji mikoko wa Lamu wakafungiwa pamoja na wengine. Mtu anayekata boriti kwa shoka, kwa kibali, kwa kuchagua mti uliokomaa na kuuacha mdogo, aliketi nyumbani na wanawe bila kazi. Wakati huo mikoko ya Magogoni ilikuwa imekwisha kung'olewa kwa mashine kuipisha bandari. Sheria ya mazingira ilimkuta maskini mlangoni, ikampita tajiri kiwandani.

Wavuvi hawakukaa kimya. Mwaka 2012 watu wa Lamu, katika kesi inayojulikana kwa jina la Mohamed Ali Baadi na wenzake, walikwenda mahakamani. Hukumu ilitoka Mahakama Kuu ya Malindi mwishoni mwa Aprili 2018, baada ya miaka sita, na ningependa kila mwakilishi wadi katika nchi hii aisome. Mahakama ilisema haki ya wananchi ya kupata habari ilivunjwa, na haki yao ya mazingira safi na haki yao ya utamaduni pia. Ilisema serikali ya kaunti ya Lamu haikuhusishwa inavyotakiwa katika mradi unaoigeuza kaunti hiyo juu chini. Ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76.

Tulisherehekea, na tulikuwa na haki ya kusherehekea. Lakini piga hesabu. Gawanya fedha hizo kwa watu hao na kila mmoja anapata chini ya shilingi 383,000. Mara moja tu, kwa ghuba ambayo babu yake aliivua na mjukuu wake angeivua. Zilinganishe na bilioni 40 za zege na chuma. Na hata kiasi hicho hakikufika mkononi siku hiyo. Halmashauri ya Bandari ilikata rufaa, zikaja kamati na mazungumzo na orodha za kuhakiki majina, mwaka ukaingia na mwaka ukatoka. Wapo waliokuwa na nguvu za kuvuta tanga kesi ilipoanza, na leo huongozwa mkono kwenda msikitini.

Hapo ndipo nilipo na ugomvi hata na baadhi ya wenzangu. Tumefundishwa kudai fidia, na fidia ni haki, simwambii mtu aikatae. Lakini anayelipwa fidia amekwisha kuamuliwa. Jambo limepita, limemkuta, na sasa anahesabiwa maumivu yake kwa shilingi. Sisi tulistahili kuwa mezani mchoro ulipokuwa bado kwa penseli, tuseme gati lisogezwe hapa, mlango huu uachwe, mikoko hii isiguswe, uchimbaji usifanywe miezi hii kwa kuwa samaki wanataga. Hayo ni maarifa. Nahodha wa Kizingitini anaijua ile bahari kwa kuihisi chini ya miguu yake, na hakuna mshauri wa kigeni aliyeweza kuyapata maarifa hayo kwa wiki mbili za kukaa hotelini. Maarifa hayo yaliachwa pwani, na hasara yake si yetu peke yetu.

Wanaodhani kwamba kauli ya wananchi haina nguvu na watazame Kwasasi. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga pale mtambo wa umeme wa megawati 1,050 unaotumia makaa ya mawe, si mbali na mji wa urithi wa dunia. Mamlaka ya mazingira ya taifa, NEMA, ikatoa leseni mwaka 2016. Watu wa Lamu, wakiongozwa na muungano wa Save Lamu, waliipinga leseni hiyo barabarani, misikitini, kwenye mabaraza, kisha mbele ya Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 baraza hilo likaifuta, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kulikuwa na mikutano, naam, lakini mikutano iliyofanywa kabla ya uchunguzi kukamilika haikuwa kitu, kwa sababu mtu hawezi kutoa maoni juu ya madhara ambayo hajaonyeshwa. Mwaka uleule Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajitenga na mradi, na mwaka 2020 benki kubwa ya Kichina ya ICBC nayo ikajitoa. Watu walioitwa wachache na wasiojua mambo waliusimamisha mradi wa dola bilioni 2. Leo pangekuwa na dohani na jivu. Havipo, kwa sababu walikataa.

Wachache. Nalo neno hili ni silaha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 Lamu, idadi ndogo kuliko kaunti nyingine yoyote kati ya 47. Kwa kuwa mgao wa fedha za kaunti huangalia sana idadi ya vichwa, Lamu hupata fungu dogo kuliko yote. Hakuna anayehesabu kwamba kumpeleka mama mjamzito kutoka Kiunga hadi hospitali ya mjini ni safari ya boti, mafuta na mawimbi, wala kwamba mwalimu wa Ndau hapandi matatu. Lamu Mashariki ilibaki kuwa eneobunge kwa sababu tu katiba ililinda kwa muda maeneo madogo yasifutwe katika mapitio ya kwanza ya mipaka. Mapitio yajayo yatakuja na kikokotoo. Nchi ile isiyowarudisha Wabajuni bara, iliyowafunga Waboni vijijini, sasa inasimama na daftari na kusema mbona mko wachache.

Waboni hasa. Baada ya mashambulizi ya Al-Shabaab na kuanza kwa operesheni ya usalama ya Linda Boni mwaka 2015, msitu ukafungwa kwao. Asali ikawa haiendewi, matunda na mizizi ya dawa ikawa haifikiwi, na kila aliyeonekana porini akashukiwa. Shule za Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe zikafungwa kwa miaka. Watoto walikua bila kushika kalamu. Nakubali vita vile ni vya kweli. Majeshi yetu yamezika watu, na wanakijiji wamezika watu. Lakini ukiwafungia watu wa msitu msitu wao, ukawafungia na shule, umewaachia nini? Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inaitaja kwa uwazi ardhi ya jamii za wawindaji na waokota matunda kuwa ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ikatungwa mwaka 2016. Zote mbili zimeandikwa vizuri. Zipelekwe Basuba.

Wavuvi nao walilipia vita hivyo kwa namna yao. Baada ya 2014 uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo ikadumu kwa miaka. Aliyeitia saini huenda hakujua kwamba samaki hafuati saa ya ofisi. Hufuata mwezi na maji, bamvua na maji mafu, na kuna samaki wasiopatikana mchana hata ukeshe jua zima. Kumkataza mvuvi usiku ni kumkata nusu ya mshahara, na hakuna mfanyakazi wa serikali aliyekatwa nusu ya mshahara kwa ajili ya usalama wa Lamu.

Wala siielekezi lawama yote Nairobi. Tuna serikali yetu ya kaunti tangu 2013, ina gavana, ina bunge lenye wadi 10, kuanzia Kiunga na Basuba hadi Witu na Hongwe. Jedwali la Nne la katiba linaipa kaunti mamlaka juu ya feri na bandari, ukiondoa udhibiti wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Mamlaka hayo yametumiwa kufanya nini? Ningetaka kuona sheria ya kaunti inayotaja kwa majina maeneo ya uvuvi ya jadi, mlango kwa mlango, mwamba kwa mwamba, ili siku mtu akija na mchoro akutane na karatasi iliyomtangulia. Ningetaka kuona kaunti ikiwapeleka mawakili na wapimaji Kiunga badala ya kungoja Nairobi iwapeleke. Ningetaka wawakilishi wa Shella na Mkomani wasimame bungeni kuitetea Basuba, ambako hawana kura hata moja. Badala yake nyakati za uchaguzi tunagawanyana: huyu Mwamu, huyu Mbajuni, huyu wa Mpeketoni, huyu wa kuja. Tukimaliza kugawanyana, anayetaka ardhi hana kazi ngumu tena.

Na wazee wetu wa mji mkongwe wanisamehe kwa heshima zote, lakini Lamu si Mtaa wa Mkomani tu. Maulidi yanajaza mji, wageni hupiga picha milango ya nakshi, ripoti za urithi zinaandikwa, na ng'ambo ya maji kijana wa Kizingitini anauza mashine ya boti yake kwa sababu ya tope. Urithi ule uliochongwa milangoni ulilipwa kwa samaki, boriti, mtama na pembe zilizotoka kwa watu hao. Wakiangamia, milango itabaki pambo la nyumba za mapumziko za matajiri wa mbali, ambao tayari wamezinunua nyingi.

Watatuambia tunapinga maendeleo. Hawa hawaijui Lamu hata kidogo. Mji huu ulikuwa bandari kabla Nairobi haijawa kambi ya reli. Watu waliosafiri na pepo za msimu hadi Maskati na Surati hawawezi kuogopa meli. Barabara ya lami kutoka Garsen ilipokuja tuliipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa tulikuwa tumechoka kukwama matopeni na kuvamiwa njiani. Bandari yenyewe tungeipokea na kuipigania kama ingekuja kama mgeni anayebisha hodi, akataja jina lake na haja yake, akangoja kuambiwa karibu. Ilikuja na polisi.

Gati matatu yapo na hayang'oki. Mpango una 32. Yaliyobaki bado ni wino, na hapo ndipo mahali petu pa kusimama. Kabla ya lolote kuchimbwa, mipaka ya maeneo ya uvuvi ichorwe na wavuvi wenyewe na iwekwe katika sheria ya kaunti. Wavuvi 4,600 wamaliziwe kulipwa hadi shilingi ya mwisho, na waliofariki walipwe warithi wao. Vijiji vya bara vilivyokimbiwa wakati wa Shifta vipimwe, na hati zitolewe kwa majina ya jamii zao. Ripoti ya athari za mazingira iandikwe kwa Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa katiba yetu, si muhtasari wa kurasa mbili bali ripoti nzima, isomwe kwa sauti vijijini mwezi mmoja kabla ya mkutano. Mikutano ifanywe Kizingitini, Faza, Kiunga, Mkokoni, Basuba, Hindi na Mpeketoni, alasiri za Ijumaa, kwa kuwa siku hiyo wavuvi wengi wako nchi kavu. Wanawake wanaouza samaki wapewe nafasi ya kusema kabla ya waheshimiwa. Na penye mkutano utakaosema hapana, iandikwe hapana.